Sababu Isiyoandikwa: Historia ya Kuidokezea Kompaila

Machi 1988 Dennis Ritchie aliwaandikia barua watu waliokuwa wakiitungia sheria lugha yake. Ritchie ndiye aliyeibuni C mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa Bell Labs, Murray Hill, New Jersey. Kamati ya viwango ya Marekani, X3J11, ilikuwa imeanza kazi mwaka 1983 na sasa ilikuwa inakaribia ukingoni. Rasimu ya karibuni ilikuwa na neno jipya, noalias, na hapo uvumilivu ulimwishia. Alisema maneno mengine mawili ya rasimu hiyo, const na volatile, anaweza kuishi nayo, ila noalias lazima iondoke, na katika hilo hapakuwa na cha kujadiliana.

Asiyeandika programu angeshangaa mtu mzima kuwaka kiasi hicho kwa sababu ya neno moja, tena neno ambalo halikuipa lugha uwezo wowote mpya. Programu iliyoandikwa vizuri ingetoa jibu lilelile, iwe na noalias au isiwe nayo. Kazi ya neno hilo ilikuwa kuiambia kompaila, yaani ile programu inayogeuza msimbo wa mwanadamu kuwa amri za prosesa, kwamba mahali fulani inaweza kukata kona bila wasiwasi. Lilikuwa dokezo. Madokezo ya aina hiyo yamekuwapo kwa zaidi ya miaka sitini, na jambo linalojirudia katika historia yao ni kwamba walioyaandika waliikumbuka mashine wakamsahau mwenzao. Kompaila iliambiwa la kufanya. Mtu aliyekuja kuusoma msimbo miaka kumi baadaye hakuambiwa kwa nini.

Madokezo ni ya zamani kuliko C. John Backus na timu yake IBM walipotoa FORTRAN mwaka 1957 kwa ajili ya kompyuta ya 704, waliweka humo tamko liitwalo FREQUENCY. Mwandishi aliandika namba ya sentensi na makadirio ya mara ambazo kila tawi lingefuatwa au kitanzi kingezunguka. Mashine ya 704 ilikuwa na rejista tatu tu za faharasa, na kompaila ilitaka kujua ni sehemu zipi za programu zenye moto zaidi ili izipe rejista hizo. Lois Haibt ndiye aliyeiandika sehemu ya kompaila iliyochambua mtiririko huo: iliiga mwendo wa programu kwa bahati nasibu, ikihesabu ni wapi inapita mara nyingi, na namba za FREQUENCY ndizo zilizoiongoza. Wazo lilikuwa la kijasiri kwa wakati ule. Hata hivyo, kiwango cha FORTRAN kilipoandikwa mwaka 1966, FREQUENCY haikuwamo.

C nayo ilizaliwa na dokezo lake, neno register. Kwenye PDP-11, mashine iliyoikuza lugha hii, kusoma kigeu kilichomo ndani ya rejista ya prosesa ilikuwa rahisi kuliko kukifuata kwenye kumbukumbu. Kompaila ya Ritchie ilikuwa ndogo na haikuwa na nafasi ya kuchunguza ni vigeu vipi vinatumika zaidi, kwa hiyo ilimwachia mwandishi aseme. Kitabu ambacho Brian Kernighan na Ritchie walikitoa mwaka 1978 kilieleza jambo hili bila kificho: kompaila ina uhuru wa kuupuuza ushauri huo, na kwenye PDP-11 ni matamko matatu ya kwanza tu katika kila funksheni ndiyo yanayotiliwa maanani. Rejista tatu tena, kama kule kwa Backus.

Ukifungua msimbo wa Unix wa enzi zile utaona register imetapakaa kila mahali, na mpangilio wa matamko wenyewe una maana. Aliyeandika pointa ya kwanza, kaunta ya pili na herufi ya tatu alikuwa anagawa mali adimu kwa mafungu. Ila sababu ya mgawo huo haikuandikwa popote. Msimbo ulipohamishiwa VAX, yenye rejista nyingi zaidi, na baadaye mashine za 68000, mafungu yalibaki vilevile ingawa mali haikuwa adimu tena kwa namna ileile.

Kilichoiua register ni hesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Gregory Chaitin na wenzake wa IBM kule Yorktown Heights walionyesha kwamba kugawa rejista kunaweza kuchukuliwa kama tatizo la kupaka rangi mchoro: vigeu viwili vinavyohitajika kwa wakati mmoja visipewe rangi moja, na rangi ndizo rejista. Kompaila ikishajua kufanya hivyo kwa funksheni nzima, ushauri wa mtu anayeangalia mistari kumi unakuwa kelele. C++ ililifuta kabisa jukumu la neno hilo katika kiwango cha 2017. Katika C bado lipo, na athari yake inayoonekana zaidi leo ni kukukataza kuchukua anwani ya kigeu hicho.

Sasa turudi kwa noalias, maana hapo ndipo mambo yalipobadilika sura. Chukua kitanzi hiki:

for (i = 0; i < n; i++) a[i] = a[i] + *b;

Jicho la mtu linaona namba moja, ile inayoelekezwa na b, ikiongezwa kwa kila kipengele cha a. Anadhani kompaila itaisoma namba hiyo mara moja, iiweke kwenye rejista, iendelee. Haiwezi. Katika C, pointa mbili zinaweza kuelekeza mahali pamoja, kama hati mbili za kiwanja kimoja, na kompaila haina wa kumuuliza. Huenda b inaelekeza kipengele cha tano cha a. Ikifika hapo thamani inabadilika katikati ya safari. Kwa hiyo inalazimika kuisoma upya kila mzunguko. FORTRAN haikuwa na adha hiyo, kwa sababu sheria zake zinamkataza mwandishi kupitisha vitu vinavyoingiliana kisha akavibadilisha. Ndiyo maana watu wa hesabu kubwa, wenye mashine za Cray, waliidharau C kwa miaka mingi.

Wanakamati walitaka kuliziba pengo hilo kwa noalias, neno la kuahidi kwamba pointa haishiriki mahali na nyingine. Kosa lao, kwa maoni ya Ritchie, lilikuwa kulichukulia kama jambo la kubandika neno kwenye aina ya data, kisha kulisambaza hadi kwenye funksheni za maktaba ambazo watu walikuwa wakizitumia kila siku. Hoja yake kuu ilikuwa hii: kompaila ingeruhusiwa kuvuruga programu zinazoonekana salama kabisa, na mwandishi angekuwa hana namna ya kujua amevunja sharti gani. Naona alikuwa na haki ya kukasirika. Register ikikosewa, programu inachelewa kidogo. Noalias ikikosewa, programu inatoa jibu la uongo, na inalitoa pale tu unapowasha uboreshaji. La kwanza ni ushauri, la pili ni kiapo, na lugha iliyaandika yote mawili kwa mtindo uleule kana kwamba uzito wake ni mmoja.

Kamati ilisalimu amri. Kiwango kilichopitishwa Desemba 1989 kilikuwa na const na volatile, hakikuwa na noalias. Hitaji lenyewe halikwenda popote, na baada ya miaka kumi lilirudi kwa jina restrict katika C99, likiwa limefikiriwa upya na kundi lililoshughulikia C kwa ajili ya hesabu za kisayansi. Safari hii neno lilikwenda na pointa yenyewe, na sharti lake lilielezwa kwa kurasa. Tangazo la memcpy, ile funksheni ya kunakili kipande cha kumbukumbu, likapata restrict mbili: chanzo na kituo visigusane. Maelezo ya memcpy yalikuwa yakisema hivyohivyo tangu kabla ya hapo. Anayetaka kunakili vipande vinavyoingiliana atumie memmove.

Nani alisoma? Mwaka 2010 watumiaji wa Fedora 14 walianza kulalamika kwamba muziki wanaousikiliza kupitia Flash umeharibika, sauti inakwaruza. Uchunguzi ulifikia memcpy ya glibc, maktaba ya C inayotumiwa na Linux. Wataalamu walikuwa wameiandika upya kwa ajili ya prosesa mpya za Intel, na toleo hilo katika hali fulani lilianza kunakili kutoka mwisho kurudi mwanzo, kwa sababu ilikuwa haraka zaidi. Flash ilikuwa ikiita memcpy kwa vipande vinavyoingiliana. Miaka yote hiyo ilinusurika kwa sababu nakala ilikuwa ikienda mbele, na kwenda mbele kulitosha.

Mjadala uliofuata ni wa kusomwa na kila mwandishi wa C. Upande mmoja ulisema kitabu cha sheria kiko wazi, kosa ni la Flash. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alikuwa upande mwingine: mtumiaji aliyekuwa na kompyuta inayofanya kazi jana hajali kitabu kinasema nini. Mwisho glibc ilichukua njia ya kati. Kuanzia toleo la 2.14, programu zilizojengwa zamani zikawa zinapewa tabia ya zamani, na mpya zinapewa memcpy mpya. Sharti lilikuwa limeandikwa sehemu mbili, kwenye mwongozo na kwenye tangazo la funksheni. Mahali pale memcpy inapoitwa, ambapo ndipo kiapo kinapotolewa, C haikumtaka mwandishi aseme chochote.

Kuna hatari kubwa kuliko hiyo, nayo ni kutoa kiapo bila kujua. Mwaka 2009 iligunduliwa dosari katika kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, kwenye kipande kinachoshughulikia mtandao wa kubuni uitwao tun. Mistari yenyewe ilikuwa karibu hivi:

struct sock *sk = tun->sk;
if (!tun) return POLLERR;

Mstari wa kwanza unaingia ndani ya tun kuchukua kitu. Wa pili unauliza kama tun ipo. Mtu anaona utaratibu uliopinduka kidogo, kasoro ya kawaida. GCC, kompaila inayoijenga kerneli, ilisoma kwa mantiki nyingine: kuingia ndani ya pointa tupu ni jambo ambalo kiwango cha C hakilitambui kabisa, mwandishi ameingia, basi tun haiwezi kuwa tupu, basi swali la mstari wa pili halina kazi. Ikalifuta. Aliyeweza kuweka kumbukumbu yake kwenye anwani sifuri alipata mlango wa kuitawala mashine. Tangu hapo kerneli hujengwa kwa swichi inayoikataza GCC kufuta maswali ya namna hiyo. Swichi hiyo nayo ni dokezo, lakini la kurudisha nyuma: inasema, tafadhali usiwe mwerevu hapa.

Volatile nitaipitia haraka, ingawa nayo ina vituko vyake. Neno hili ni amri: kila ninaposema soma, soma, kila ninaposema andika, andika, hata kama unaona ni kazi bure. Linahitajika pale anwani si kumbukumbu bali ni kifaa. John Regehr na Eric Eide wa Chuo Kikuu cha Utah walijaribu kompaila 13 za kutegemewa, wakaripoti mwaka 2008 kwamba kila moja yao ilikuwa na mahali inapoikosea volatile. Waandishi wengi, kwa upande wao, waliitumia kuzuia mgongano wa nyuzi mbili za programu, kazi isiyoiweza. Ndani ya nyaraka za kerneli ya Linux kuna waraka mzima wa kuwakanya watu wasiitumie, na hati ya ukaguzi iitwayo checkpatch humwonya anayethubutu kulitumia neno hilo.

Tawi linaloniumiza kichwa zaidi ni la makadirio, kwa sababu hapa ndipo wazo la Backus lilipofufuka. GCC ilileta __builtin_expect, na kerneli ya Linux ikalifunika kwa majina mawili yanayosomeka vizuri: likely na unlikely. Ukiandika if (unlikely(err)), kompaila inaipeleka njia ya kosa mbali, ili njia ya kawaida iende moja kwa moja bila kuruka na ijazane vizuri kwenye kashe ya prosesa. Mwongozo wa GCC wenyewe unatoa tahadhari papo hapo: ni bora kupima programu ikiwa inaendeshwa kuliko kubashiri, maana waandishi wa programu wanajulikana kwa kukosea wanapobashiri jinsi programu zao zinavyoenda.

Watu walibashiri. Maelfu ya likely na unlikely yaliingia kwenye kerneli. Ni rahisi mno kuyaandika, na yana ladha fulani ya utaalamu. Anayeyatumia anaonekana anajua mambo. Mwaka 2008 Steven Rostedt aliongeza kwenye kerneli kifaa cha kuyahesabu. Ukikiwasha, kila dokezo linapata mstari wake kwenye jedwali: mara ngapi lilikuwa sahihi, mara ngapi lilikosea, asilimia, jina la funksheni, faili na namba ya mstari. Jedwali hilo halina adabu. Linaweka utabiri wa mhandisi mzoefu kando ya ukweli wa mashine, mbele ya watu. Rostedt mwenyewe alituma marekebisho ya kuondoa au kugeuza madokezo ambayo jedwali liliyaumbua.

Mengi ya madokezo hayo hayakuwa makosa siku yalipoandikwa. Funksheni ilikuwa ikiitwa na mtu mmoja, baadaye ikaitwa na wengine watano. Hali iliyokuwa nadra kwenye mashine ya prosesa moja ikawa ya kawaida kwenye mashine ya prosesa nyingi. Msimbo ulihama, dokezo likabaki. Kwa kuwa halikuandikwa nalo kwamba lilipimwa kwa kazi gani, aliyelikuta alikuwa na mambo mawili ya kufanya: aliheshimu kwa imani, au alifute kwa ubishi.

Kilichotokea Mei 2011 ni mfano mzuri. Kwa miaka mingi makro za kerneli za kupitia orodha zilikuwa na prefetch ndani yake, amri ya kuiambia prosesa ianze kuleta kipengele kinachofuata wakati hiki kilichopo bado kinashughulikiwa. Kwenye karatasi hakuna hoja ya kuipinga. Torvalds na wenzake walipopima, waligundua kwamba orodha nyingi, hasa za meza za hashi, ni fupi mno. Mara nyingi kinachofuata ni pointa tupu, na kwenye prosesa kadhaa kuleta anwani tupu kunagharimu muda mrefu wa kutafuta ramani isiyokuwapo. Prosesa zenyewe zilikuwa zimeshajifunza kubashiri na kuleta mapema bila kuombwa. Prefetch ikaondolewa kwenye makro hizo. Siku dokezo lilipoacha kuwa kweli, majibu yaliendelea kuwa sahihi, muda ukipotea kidogo kidogo kwenye mashine zenye Linux.

Mahali pamoja, angalau, watu wa kerneli walijifunza kudai sababu iandikwe. Vizuizi vya kumbukumbu ni maneno yanayoikataza kompaila na prosesa kupanga upya mtiririko wa kusoma na kuandika. Mwaka 2006 David Howells alianzisha waraka mrefu wa kuyaeleza, ambao Paul McKenney alikuja kuupanua. Muhimu zaidi ni kanuni ndogo: ukiweka kizuizi bila maelezo kando yake, checkpatch inakulalamikia. Maelezo yanayotakiwa ni ya kusema kizuizi hiki kinaoana na kipi, kilicho wapi, na ni mpangilio gani unaolindwa. Kizuizi kimoja peke yake hakilindi kitu. Bila kuandika mwenzake yuko wapi, msomaji hawezi hata kujua kama kazi imekamilika.

Likely haikupata kanuni kama hiyo. Restrict nayo haikupata. Nadhani ni kwa sababu kizuizi kikikosewa mashine inakwama na mtu anaamshwa usiku, ilhali utabiri ukikosewa hakuna anayepigiwa simu.

Restrict yenyewe iliishia kutumika kidogo sana katika C, na matokeo yake yalikuja kuonekana kwa jirani. Lugha ya Rust inajua kutoka kwenye aina zake ni marejeo gani hayana mwenza, kwa hiyo inaweza kuipa LLVM, mtambo wa kompaila ulio chini yake, kiapo hicho karibu kila mahali bila mwandishi kuandika chochote. Ilipofanya hivyo, dosari za LLVM zilizokuwa zimelala zilianza kujitokeza, kwa kuwa programu za C hazikuwa zimeutumia ule msimbo kwa wingi kiasi cha kuzifichua. Rust ililazimika kukizima kiapo hicho zaidi ya mara moja. Kiliwashwa na kubaki kimewashwa kuanzia toleo la 1.54, mwaka 2021. Jina lake ndani ya LLVM ni noalias.

Wewe unayeandika C leo bado utakutana na maneno haya yote, na simu ya Android iliyo mfukoni mwako inaendeshwa na kerneli iliyojaa likely na unlikely. Unapoongeza lako, andika kando yake kilichokufanya uliongeze. Kwenye restrict, taja ni nani anayehakikisha vipande havigusani na anafanya hivyo wapi. Kwenye volatile, taja kifaa. Kwenye unlikely na prefetch, andika ulipima kazi gani, kwenye prosesa ipi, kwa toleo gani la kompaila, na tarehe, ili atakayekuja ajue wakati wa kupima tena umefika. Ukikosa cha kuandika hapo, futa dokezo lenyewe.